Kiazi hakianzi kuoza stoo

Ikibaki miezi miwili hivi kabla ya Ramadhani, simu yangu haipumziki. "Mama, nikichukua gunia sasa hivi, litafika?" Wanaouliza ni wale wale: mama lishe wawili wa Tandika, dada mmoja wa Mbagala anayepika futari za kuagizwa, na majirani ambao mwaka jana walinunua viazi vitamu bei ikiwa imepaa wakaapa kwamba hawarudii. Wote wanataka niwafundishe kutunza. Nikianza kuwajibu naona wanapoa, kwa sababu mimi naanzia shambani, na wao walitaka niwaambie tu waviweke chumba gani.

Nauza viazi vitamu, mihogo na magimbi hapa Temeke. Viazi vyangu vingi vinatoka Gairo, vile ambavyo ukisafiri kwa basi kwenda Dodoma unaviona vimepangwa kwenye ndoo kando ya barabara. Lakini nimekulia Sengerema, kwenye nyumba ya Kisukuma, ambako kiazi kilikuwa akiba ya njaa kabla hakijawa kitafunwa cha chai. Kisha nikaolewa pwani, nikakuta watu wanaokipika kwa tui zito la nazi na iliki na kukila magharibi baada ya tende. Nina kwetu mbili kwenye habari ya kiazi, na nitazitumia zote.

Kwanza, mwezi. Miaka kumi iliyopita hakuna aliyeniuliza maswali haya, na sababu iko angani. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2014 ilianza mwishoni mwa Juni, 2016 ikaanza mwanzoni mwa Juni, 2019 mwanzoni mwa Mei. Huo ndio wakati viazi vinachimbwa kwa wingi, Fuso zinapishana, na mzigo wa leo unaliwa leo. Nani atunze? Sasa mwezi umesogea: 2024 na 2025 tulifunga Machi, 2026 umeangukia Februari. Februari na Machi hapa Dar ni joto la kulowesha shuka, na masika yanabisha hodi. Viazi vilivyopo sokoni ni vichache, na mvua ikiwahi huko vinakotoka vinachimbwa kwenye tope. Wakati mbaya kuliko yote wa kuweka kiazi ndani ndio huo watu wanaotaka kukiweka. Sisemi haiwezekani. Nasema uzembe uliokuwa unasamehewa mwezi wa Juni hausamehewi mwezi wa Machi.

Uozo ninaokutana nao una sura mbili kubwa.

Wa kwanza ni wa majimaji. Ukungu wake unaitwa Rhizopus, na unaufahamu hata kama hujawahi kuuza kiazi, kwa sababu ndio ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika ndani ya mfuko wa plastiki, nyuzi nyeupe zenye vichwa vidogo vyeusi. Kwenye kiazi mara nyingi huanzia nchani, pale kilipokatika kutoka kwenye mzizi. Nyama inalegea lakini ganda linabaki zima, kwa hiyo kwa macho unaona kiazi kizuri kabisa. Ukibonyeza, kidole kinazama na maji ya kahawia yanatoka. Harufu yake mwanzoni haichukizi, inakaribia ya togwa lililopitiliza, na ndiyo inayowaita wale vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu. Nikiona vijinzi juu ya gunia lililofungwa, sihitaji kulifungua kujua kilichomo. Kwa joto letu kiazi kizima kinakwisha ndani ya siku chache, na maji yake yakichuruzika juu ya wenzake wenye michubuko, nao wanafuata.

Wa pili ni mkavu na hauna haraka. Kiazi kinasinyaa kuanzia ncha moja, ndani kinakuwa cheusi, mwisho kinabaki kigumu na chepesi. Juu ya ganda vinatokeza vipele vidogo. Pitisha kidole utavihisi, vikipasuka vinaacha vumbi jeusi mkononi. Mwenye kazi hiyo ni Lasiodiplodia theobromae. Jina refu, lakini wauza matunda wote wa soko wanamfahamu bila kumwita jina: ndiye anayeozesha embe kuanzia kwenye kikonyo, na yumo pia kati ya wale wanaoozesha vichana vya ndizi pale vilipokatwa kwenye mkungu. Ukiwa na stoo moja unayobadilisha mizigo, embe msimu huu na viazi msimu ujao, basi umemfuga.

Hawa wote hawawezi kupenya ganda zima la kiazi kilichokomaa. Mbegu zao ziko kwenye udongo, kwenye magunia yaliyotumika, kwenye mbao za gari, kwenye hewa unayovuta sasa hivi; huwezi kuzimaliza na usipoteze dawa kujaribu. Zinasubiri kidonda. Rhizopus ikishapata kidonda, inatema vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi iliyoshikanisha nyama ya kiazi, ndiyo maana kiazi kinalegea hata sehemu ambazo nyuzi zenyewe hazijafika. Ukiona sentimita mbili zimeoza, ukakata hizo mbili ukarudisha kiazi kwenye fungu, umerudisha mgonjwa aliyefungwa bandeji. Kipike siku hiyo hiyo kama kipande kilichobaki ni kigumu, cheupe au cha njano safi, hakina harufu. Kama sivyo, tupa.

Sasa basi, kidonda kinatoka wapi? Jembe ndilo la kwanza. Mchimbaji akiwa na haraka analipiga tuta katikati badala ya kuanzia pembeni, na katika kila tuta viazi kadhaa vinatoka na chale. Vile vilivyokatika vipande viwili vinaonekana na kutengwa. Hatari iko kwenye vile vilivyoguswa tu. Wa pili ni fukusi, yule mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu ambaye watoto wake wanatoboa mahandaki ndani. Kiazi chenye fukusi usikipe hata nafasi ya kuingia mlangoni. Wa tatu ni uchanga. Kiazi kilichochimbwa majani yakiwa bado yamechangamka kina ganda laini kiasi kwamba ukikisugua kwa kidole gumba linavuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Mzee ninayenunua kwake Gairo ana dawa ya hili, na hakufundishwa na mtu wa semina. Wiki moja au mbili kabla ya kuchimba, anakata majani yote ya juu na kuyapa mbuzi, anaacha viazi ardhini. Bila majani, kiazi kinaacha kukua na ganda linakaza. Mazungumzo yetu ya simu ni mafupi sana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimeshafyeka majani. Wiki ijayo uje na magunia yako, usije na ya dalali."

Hilo la magunia nitalieleza.

Viazi vingi vinasafiri kwa lumbesa. Kwa asiyejua: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake linaongezwa kofia la wavu au kipande cha gunia jingine, linashonwa kwa kamba mpaka linakuwa na kichwa na mabega. Bei ni ya "gunia", kwa hiyo mnunuzi anataka gunia liwe kubwa kadiri linavyoweza kusimama. Mkulima anapunjwa, hilo limesemwa sana, na Wakala wa Vipimo wanaipiga vita lumbesa miaka nenda miaka rudi. Linalosemwa kidogo ni kile ambacho lumbesa inakifanyia kiazi. Mzigo wa namna ile mtu mmoja hawezi kuuinua akautua. Unaburuzwa mpaka kwenye gari, unasukumwa juu ya mengine, watu wanakaa juu yake kilomita zote hizo, na ukifika unaangushwa. Simlaumu mbeba mzigo. Nani ashushe kilo mia na kitu taratibu, usiku, kwa malipo yale?

Simama karibu na Fuso linaposhushwa saa tisa usiku utasikia. Gunia linafika ukingoni, wawili wanalivuta kwa masikio, linatua chini kwa mshindo mmoja mzito, halafu ndani yake viazi vinagongana na kutulia. Asubuhi nikipokea mzigo, kabla sijazungumza bei, nafungua kamba na kutia mkono katikati mpaka kiwiko. Dalali hapendi. Anasema "mama, unachelewesha watu". Mimi nasikiliza vidole. Kiazi kinapumua hata baada ya kuchimbwa, na vikirundikana bila hewa joto lao linabaki humo humo. Nikikuta katikati pamoto na panateleza, gunia hilo bei yake ni nyingine, au silichukui kabisa. Pakiwa na joto lakini pakavu, nalichukua na kulimwaga chini dakika hiyo hiyo. Halafu naangalia mshono wa chini: doa la kahawia lenye mipaka iliyokauka maana yake maji yalishuka jana, na kilichoyatoa kiko mahali fulani humo ndani.

Ndiyo maana napeleka magunia yangu, ya kilo hamsini, yasiyo na kofia. Nalipa nauli zaidi kwa kila kilo, na dereva hunicheka. Lakini ninachotupa kimepungua mno, na mama lishe wangu wa Tandika hawaendi kwa mwingine.

Tuje kwenye kutunza kwenyewe, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Kiazi kitamu kina uwezo wa kujitibu. Kikate kikiwa kibichi uone utomvu mweupe unavyochuruzika ukingoni. Huo unaganda kwanza. Kisha, chini ya kidonda, nyama ya juu inakauka na kukaza, na baadaye kiazi kinatengeneza ganda jipya chini yake. Ganda hilo likikamilika, ukungu unakuta mlango umefungwa. Kazi hiyo inahitaji joto la nyuzi 29 mpaka 32 na hewa yenye unyevu wa asilimia 85 mpaka 95, na inachukua siku nne mpaka saba. Wenye maghala ya kisasa wanalipia hita na mashine za kuleta unyevu ili wapate hali hiyo. Sisi joto tunalo bure, tena la ziada. Unyevu tunaupata kwa kukiachia kiazi jasho lake mwenyewe.

Ninavyofanya: viazi vinamwagwa kivulini, juu ya mbao au maboksi, mahali pasipoingia mvua wala jua. Navichagua mara moja tu. Vilivyokatwa na vilivyochubuka sana vinaenda sokoni siku hiyo kwa bei ya chini, kwa wanaochemsha leo. Vizima na vyenye mikwaruzo midogo navirundika kimo cha goti, nafunika kwa magunia makavu ya katani au majamvi ya zamani. Plastiki hapana, turubai hapana. Chini yake maji yanaganda na kudondoka, na maji juu ya kidonda kibichi ndiyo karamu ya ukungu. Sivigusi siku tano mpaka wiki. Nikifunua, napima kwa kidole gumba: nasugua pale palipochubuka. Kama panavuka, nafunika tena. Kama pamekaza, pamekuwa pa kahawia kavu na kidole kinapita kama juu ya karatasi, vimepona. Hapo navitandaza kwenye chaga, safu moja au mbili, chumba chenye giza na dirisha linalopitisha hewa.

Usivioshe. Nasema tena kwa ajili ya dada wa Mbagala: usivioshe mpaka siku ya kupika. Najua vinapendeza vikioshwa, na sokoni vilivyooshwa vinauzika haraka kwa sababu rangi inang'aa. Vya kuuza leo, osha. Vya kuweka, acha na udongo wake mkavu.

Na friji msijaribu. Kiazi kitamu asili yake ni nchi za joto na baridi inakiumiza. Chini ya nyuzi 12 kinaugua ndani. Utakitoa kizima, utakipika saa nzima, na katikati patabaki pagumu kama vile moto haukufika. Kikirudi kwenye joto kinaoza mbio kuliko kile ambacho hakikuingia friji. Joto zuri la kukiweka, kikishapona, ni nyuzi 13 mpaka 15. Kule North Carolina, Marekani, wana maghala ya joto hilo, na viazi vya msimu mmoja vinauzwa mpaka msimu unaofuata unafika. Temeke hatuna nyuzi 13 labda uzihamishe kutoka Lushoto. Kwa hiyo siwadanganyi watu: viazi vilivyopona vizuri, kwangu, mwezi mmoja vinakaa. Mwezi na nusu kwa kuvipitia mara kwa mara. Miezi miwili siahidi, maana vinaanza kuchipua, vinanyauka, na ladha inabadilika. Anayetaka kununua gunia Desemba kwa ajili ya mfungo wa mwishoni mwa Februari, namwambia anipe hela nimwekee oda badala yake.

Kuvipitia nako kuna adabu yake. Usichochee fungu zima kutafuta kimoja kilichooza. Kila unapovigeuza unavichubua upya. Nusa kwanza, angalia vijinzi, kisha toa kilichooza pamoja na majirani zake waliolowa, weka majivu makavu pale chini kama mama yangu alivyokuwa akifanya, ondoka.

Kuna jambo moja naomba lisomwe polepole. Kiazi kikishambuliwa na ukungu au fukusi, chenyewe kinatengeneza kemikali chungu za kujilinda. Ule uchungu unaosambaa mdomoni ukila kiazi chenye tundu la fukusi ndio huo, na moja ya kemikali hizo, ipomeamaroni, inadhuru ini. Kuchemsha hakuuondoi. Kikiwa kichungu, tema na utupe, hata kama upande mwingine ni mtamu. Kwa mifugo ni mbaya zaidi: kuna ukungu wa jamii ya Fusarium ambao ukiota kwenye kiazi unageuza kemikali hizo kuwa sumu ya mapafu. Ng'ombe aliyekula viazi vya ukungu ananyoosha shingo, anafungua mdomo, anahema kwa shida, povu linamtoka, na hakuna sindano ya kumrudisha. Mwaka 1969 kule Georgia, Marekani, makumi ya ng'ombe walikufa hivyo baada ya kulishwa viazi vitamu vilivyooza. Hapa sokoni kila jioni kuna vijana wanaokusanya mabaki kwa ajili ya wafugaji wa Mbagala na Kongowe. Maganda mabichi nawapa, majani nawapa, vilivyokatwa na jembe nawapa. Vyenye ukungu nachanganya na taka za choo kusudi mtu asivichukue, na wananiona mchoyo.

Mihogo sasa, kwa ufupi, kwa sababu habari yake ni nyingine. Watu wananiletea muhogo wenye michirizi ya bluu na nyeusi ndani wakisema una ukungu. Bado. Muhogo ukishang'olewa, hewa ikiingia kwenye kidonda, unaanza kujiharibu wenyewe, na ndani ya siku mbili tatu michirizi inaonekana. Ukungu na uchachu vinakuja baadaye, kumalizia. Kwa hiyo kuuponya kwa siku tano kama kiazi ni kujidanganya. Nunua uliobakizwa kipande cha shina, usiokatwa ncha, na uumenye siku hiyo. Kwa Ramadhani mimi namenya, nakata vipande vya futari, natoa mzizi wa katikati, nafunga kwenye mifuko na kutia friza. Friza, nimesema, siyo friji. Unatoka hapo unaenda moja kwa moja kwenye sufuria, usiuache uyeyuke. Magimbi hayana makuu: yasioshwe, yasipigwe jua, yakae kwenye hewa, na lile lililokatwa lipikwe kwanza.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alishangaa siku nilipomwambia kwamba kwetu Kanda ya Ziwa tunaozesha muhogo kwa makusudi. Udaga ndiyo hivyo. Muhogo mchungu unamenywa, unaanikwa kidogo, unarundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka uote ukungu, mweupe, mweusi, wakati mwingine wa rangi ya chungwa. Kisha unakwanguliwa, unapondwa, unaanikwa mpaka ukauke kabisa, na ndio unaosagwa unga wa ugali mweusi unaoliwa na dagaa au sangara. Ukungu unalegeza nyama ya muhogo, na hapo sumu yake ya asili inapata nafasi ya kuvunjika na kupotea hewani. Humo ndani Rhizopus wamo, ndugu wa yule anayenila mtaji. "Kwa hiyo mnakula uozo," alisema mama mkwe. Nikamwambia, "Mama, na nyinyi mnakula papa aliyenuka." Akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini hekima ya kwetu ninayoikubali kuliko zote ni ya kutobishana na kiazi kibichi. Msukuma hatunzi kiazi kibichi miezi sita, anakigeuza. Mwezi wa Julai na Agosti, jua likiwa kali na mvua imeondoka, viazi vinamenywa na kukatwa vipande vyembamba vinaanikwa vibichi: hiyo ni michembe. Au vinachemshwa kwanza, vinamenywa, vinakatwa, ndipo vinaanikwa: hayo ni matobolwa. Kule kwetu tuliyaanika juu ya mawe makubwa, yale majabali ambayo Mwanza imejaa, kwa sababu yanashika joto na kuku hawapandi kirahisi. Watoto kazi yetu ilikuwa kugeuza mchana na kukimbia kukusanya wingu likionekana upande wa ziwa. Mama alipima kwa sikio: anachukua kipande anakivunja karibu na uso wake. Kikipinda, kinarudi juu ya jiwe. Kikivunjika kwa mlio, kinaingia kwenye kihenge, na kitakaa mpaka mvua za mwaka unaofuata. Ukungu unahitaji maji, na humo hayamo.

Anga likigeuka katikati ya kazi, shida inaanza. Vipande vilivyonyeshewa nusu kavu vinaota ukungu wa kijani na mweusi usiku mmoja, na kuna watu wanaovifuta kwa kitambaa na kuendelea kuanika. Hapana. Tangu mwaka 2016, Dodoma na Manyara walipopoteza watu kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ya kwenye mahindi, nchi nzima imelisikia neno hilo, lakini wengi wanadhani ni la mahindi na karanga peke yake. Mimi kipande cha kijani sikili, simpi mtoto, simpi kuku.

Nimeanza kuagiza matobolwa kutoka nyumbani kwa ajili ya wateja wa hapa. Mwanzoni waliyatazama kama kuni. Sasa kuna mama wa Kizaramo pale Tandika anayaloweka usiku, anayapika kwa tui na chumvi kidogo na karanga za kusaga, na anasema kwenye futari yanaisha kabla ya kalmati. Kiazi ambacho Machi hakishikiki bei anacho ndani kwenye ndoo yenye mfuniko, kikavu, tangu Agosti.

Mzigo ujao wa Gairo unashuka Alhamisi usiku. Wanaotaka vya kuweka waje Jumatano inayofuata, vikishapona. Wanaotaka vya kuchemsha waje Ijumaa asubuhi, vile vya jembe nitaviuza kwa sado, bei ya kuelewana.